Dishi Kubwa, Wimbi Fupi: Somo Kutoka Kigango Kimoja cha Serengeti



Somo la safari hii limetokana na swali tuliloulizwa wakati wa likizo, na si swali la teolojia. Mafrateri wanne tulikuwa tumepangwa katika parokia za wilaya za Tarime na Serengeti, na wawili kati yetu waliwahi kufundisha fizikia sekondari kabla ya kuingia seminari kuu. Katika kigango kimoja upande wa Serengeti, baada ya ibada ya Jumapili, mzee mmoja wa halmashauri ya walei alituvuta pembeni chini ya mwembe akauliza: "Mafrateri, ninyi mmesoma. Hivi dishi la futi sita linaweza kushindwa na kidishi kama ungo wa kupepetea?"

Nyuma ya swali hilo kulikuwa na jambo zito. Kigango kilikuwa na dishi kubwa la wavu, zawadi ya mfadhili wa miaka mingi iliyopita, ambalo lilikuwa likipokea chaneli chache za bure. Walei waliamua kuingia kwenye king'amuzi cha kisasa ili Pasaka waumini waone ibada kutoka Roma na, tusidanganyane, ili vijana waone pia Simba na Yanga. Wakasema, dishi lipo, tena kubwa. Tununue king'amuzi na kile kichwa cha kupokelea ambacho mafundi hukiita elenbi, basi. Jumuiya zote zikachanga. Katekista akatumwa mjini kununua, fundi akaja akafunga. Asubuhi kukiwa kweupe picha ilionekana. Wingu likitanda, picha inaganda, kisha inapotea. Siku ya Pasaka yenyewe watu walikaa kwenye mabenchi wakitazama kioo cheusi.

Maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba katekista alinunua elenbi feki na chenji ikabaki mfukoni. Hakuna aliyesimama na kumshtaki mbele ya watu. Yalikuwa maneno ya kisimani na ya mnadani, ambayo hayana mwenyewe na kwa hiyo hayana wa kuyajibu. Tulipofika tayari alikuwa amemkabidhi mwenyekiti funguo za kanisa, na familia kadhaa zilikuwa zimeacha kuwaleta watoto kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Hilo ndilo lililotufanya tutafute uzi na rula. Tunaandika hesabu yote hapa kwa sababu madishi ya namna ile yako mengi katika parokia zetu, na swali la yule mzee linastahili jibu kamili.

Urefu wa wimbi

Redio, televisheni, simu na mwanga wa jua vyote ni mawimbi ya ukoo mmoja, na vyote hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachovitofautisha ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mgongo unaofuata. Ukijua masafa kwa gigahezi, gawanya 30 kwa namba hiyo, nawe utapata urefu wa wimbi kwa sentimita. Redio ya FM hutangaza karibu na megahezi 100, ambazo ni gigahezi 0.1, wimbi lake lina urefu wa mita 3, mrefu kuliko mlango wa kanisa. Madishi ya zamani ya futi sita na nane yalitengenezwa kwa bendi ya C, karibu gigahezi 4, wimbi la sentimita 7.5. Vidishi vya ving'amuzi vya sasa hupokea bendi ya Ku, karibu gigahezi 12, wimbi la sentimita 2.5. Intaneti ya setilaiti mara nyingi hupanda hadi bendi ya Ka, gigahezi 20, wimbi la sentimita 1.5. Na zile ngoma nyeupe mnazoziona zimefungwa kwenye minara ya simu, kutoka Sirari hadi Mugumu, ndani yake ni madishi yanayorushiana mawimbi ya sentimita chache kutoka mnara hadi mnara.

Kutumia wimbi fupi pamoja na kiakisi cha metali si jambo la jana. Heinrich Hertz, mwaka 1888 huko Ujerumani, alikunja bati la zinki likawa kama mfereji wenye umbo la parabola ili kuelekeza mawimbi yake. Miaka michache baadaye Jagadish Chandra Bose wa Kolkata alishuka hadi mawimbi ya milimita, jambo ambalo ulimwengu ulilikuta nusu karne baadaye. Inatufurahisha kukumbuka kwamba aliyempandikiza Bose upendo wa fizikia alikuwa padre Mjesuiti, Eugène Lafont, mwalimu wake katika chuo cha Mtakatifu Xavier. Naye Guglielmo Marconi, aliyemjengea Papa Pius XI Redio Vatikani iliyofunguliwa tarehe 12 Februari 1931, alirudi Vatikani na kufunga simu ya redio kati ya Vatikani na Castel Gandolfo, iliyoanza kazi Februari 1933. Ilitumia viakisi na wimbi la zaidi kidogo ya nusu mita.

Kwa wimbi la nusu mita, bonde la sentimita moja kwenye kiakisi halimsumbui mtu. Kwa wimbi la sentimita 2.5, bonde hilo hilo ni msiba.

Kwaya na mchelewaji

Wengi hudhani dishi linavuta mawimbi kama sumaku inavyovuta misumari, na kwa hiyo likiwa kubwa linavuta zaidi. Dishi halivuti kitu. Ni kioo: linapokea kinacholiangukia na kukirudisha. Ubora wa kioo uko kwenye uso wake. Vioo alivyovifahamu Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorintho (1 Kor 13:12) vilikuwa vya metali iliyosuguliwa, na hata fundi hodari alikuwa na mwisho wake. Ndiyo maana mfano wake ulieleweka mara moja na wasomaji wake.

Umbo la parabola limechaguliwa kwa sifa moja. Mawimbi yanayotoka mbali sana, yakigonga sehemu yoyote ya dishi na kurudi kwenye fokasi, ambapo elenbi imefungwa, yote yanakuwa yamesafiri njia yenye urefu ulio sawa. Lililopita ukingoni na lililopita karibu na katikati hufika pamoja, mgongo juu ya mgongo. Hapo nguvu zao hujumlishwa.

Tuchukue kwaya. Katika wimbo wa Kwaresima, ule wa taratibu ambao pigo moja huchukua sekunde mbili, mwimbaji wa besi akichelewa robo sekunde pengine ni mwalimu wa kwaya peke yake atakayekunja uso. Sasa chukua wimbo wa kupeleka vipaji, wenye ngoma na vigelegele, ambao pigo ni nusu sekunde. Mchelewaji ni yule yule na robo sekunde ni ile ile, lakini sasa anaangukia katikati kabisa ya pigo na pigo. Katika mawimbi hali ni mbaya kuliko katika kwaya, maana wimbi linalofika katikati namna hiyo, mgongo wake ukikutana na bonde la mwenzake, hulifuta.

Na kosa la uso wa dishi huhesabiwa mara mbili. Bonde la milimita 3 hulifanya wimbi lisafiri milimita 3 zaidi kwenda na karibu milimita 3 zaidi kurudi, jumla 6. Kwa wimbi la sentimita 7.5, hizo 6 hazifiki hata sehemu moja ya kumi na mbili ya wimbi. Kwa sentimita 2.5 ni robo ya wimbi. Kwa sentimita 1.2 ni nusu nzima, na sehemu ile ya dishi inafanya kazi ya kuharibu kile ambacho sehemu nyingine zimekusanya. Ingekuwa afadhali kuikata na kuitupa.

Kanuni ya Ruze

Mwaka 1966 mhandisi wa Marekani John Ruze alichapisha makala ambayo mpaka leo kila anayejenga antena kubwa huanza nayo. Alionyesha kwamba, kama makosa ya uso yametapakaa hovyo hovyo, hasara inaweza kukadiriwa kwa kanuni moja fupi. Chukua kosa la wastani la uso, lizidishe kwa 12.57 (yaani pai mara 4), gawanya kwa urefu wa wimbi. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Kisha ipandishe namba 2.718 kwa kipeo hasi cha jibu hilo. Unachopata ni sehemu ya nguvu inayobaki. Wastani unaotakiwa hapa ni wa namna maalumu: kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, wastani wa majibu unatafutwa, halafu unachukuliwa kipeuo cha pili. Kwa njia hiyo vilima na mabonde havifichani.

Tujaribu na kosa la milimita 3. Kwa bendi ya C, milimita 75: 12.57 mara 3 gawanya kwa 75 ni 0.503, mara yenyewe, 0.253, kinachobaki ni asilimia 78. Si mbaya, televisheni itaonyesha. Kwa bendi ya Ku, milimita 25: 12.57 mara 3 gawanya kwa 25 ni 1.508, mara yenyewe, 2.27, kinachobaki ni asilimia 10. Kwa wimbi la sentimita 1.5 haibaki hata asilimia moja.

Angalieni vizuri kilichotokea hapo. Dishi halijabadilika, hakuna aliyeligusa. Wimbi limefupishwa mara tatu tu, lakini hesabu ya ndani imekua mara tisa, nayo imekaa kwenye kipeo. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwa haki kabisa kwamba dishi lake ni zima, kwa kuwa lilikuwa likifanya kazi mpaka jana, na bado likamwangusha leo. Waandisi hupenda kosa la wastani lisizidi sehemu moja ya ishirini ya wimbi. Hapo hubaki karibu theluthi mbili ya nguvu. Kwa bendi ya C hiyo ni zaidi kidogo ya milimita tatu na nusu. Kwa bendi ya Ku ni milimita moja na robo.

Uzi wa nailoni

Tulirudi kigangoni Jumatano tukiwa na rula, penseli na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Katekista alikuja. Fundi alikuja pia, kwa shingo upande kidogo, na hatukumlaumu.

Kipimo cha kwanza ni cha ukingo. Nyuzi mbili hufungwa kutoka ukingo hadi ukingo, zikikatana katikati kama msalaba. Ukingo ukiwa katika bapa moja, nyuzi hugusana bila kukunjana. Zetu ziliachana milimita 9. Dishi lilikuwa limejikunja kidogo, kama chapati iliyokaa ukingoni mwa kikaango.

Kipimo cha pili ni cha kina. Dishi letu lilikuwa na kipenyo cha mita 1.8 na kina cha sentimita 27 katikati. Fokasi hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa chenyewe na kugawanya kwa kina mara 16: hapa ni sentimita 75 kutoka kitovu cha dishi. Kutokana na hilo tunajua kila sehemu inapaswa kuwa na kina gani chini ya uzi: sentimita 30 kutoka katikati panatakiwa kina cha sentimita 24, sentimita 60 kutoka katikati, kina cha 15, ukingoni sifuri. Kwa sehemu yoyote, umbali kutoka katikati uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa 300, toa kwenye 27. Watoto wa mafundisho waliokuwa wakituzunguka walishika hesabu hiyo haraka kuliko wazee, na mmoja akawa anatutajia majibu kabla hatujaandika.

Tulipima kila sentimita kumi kwa vipenyo sita. Upande wa mashariki dishi lilikuwa sahihi kiasi cha kutushangaza. Upande wa magharibi kulikuwa na bonde lililopita milimita 8 mahali pengine, na alama za nyundo pembeni yake. Tukauliza. Ikawa kimya, kisha mama mmoja akacheka: misimu miwili iliyopita fahali wa jirani alikuja kujikuna kwenye dishi mpaka akalilaza. Walilisimamisha, wakaligonga kwa jiwe na nyundo likarudi, na chaneli za zamani zikaendelea kuonekana kama kawaida. Hakuna aliyekumbuka tena habari hiyo. Kwa nini wangekumbuka? Kwa wimbi la sentimita 7.5 fahali hakuwa ameharibu kitu cha maana.

Wastani wetu ulitoka karibu milimita 3. Kanuni ya Ruze ni ya makosa yaliyotapakaa, na bonde moja kubwa la fahali halifuati sheria hiyo barabara, kwa hiyo ile asilimia 10 tuichukue kama makadirio. Lakini hata kama makadirio inasema mengi. Dishi la mita 1.8 linalofanya kazi kwa asilimia 10 linalingana na dishi zima lenye kipenyo cha sentimita 58 hivi. Hiyo ndiyo sababu ya picha kuonekana asubuhi kweupe na kukatika wingu linapotanda.

Na kuna mawili ya kuongeza, yote yakizidisha hasara. Matundu ya wavu yalikuwa na upana wa karibu milimita 6. Kwa wimbi la milimita 75 wavu kama huo ni ukuta. Ni sawa na kumwaga maharage kwenye chekeche la unga. Kwa wimbi la milimita 25 matundu yamefikia robo ya wimbi, na sehemu ya mawimbi hupenya. Vilevile ardhi iliyo nyuma ya dishi, ambayo kwa joto lake hutoa mawimbi hafifu ya redio, hupenyeza kelele zake kuja mbele. La pili, elenbi za vidishi vya kisasa zimetengenezwa kutazama dishi lisilo na kina kirefu, ambalo fokasi yake imekaa pembeni. Ukiifunga kwenye dishi la zamani lenye kina, inaona sehemu ya katikati tu, kama mtu anayetazama uwanja kupitia tundu la ufunguo.

Elenbi aliyonunua katekista tuliifunga kwenye dishi la sentimita 90 tuliloazima parokiani. Baada ya robo saa ya kuhangaika na mwelekeo, picha ikaja safi, na ikabaki.

Mataifa nayo yameulizwa swali hilo

Kama dishi la zamani laweza kufanya kazi mpya ni swali ambalo wenye antena kubwa kuliko kanisa letu wamelipitia. Afrika Mashariki ilipata kituo chake cha kwanza cha mawasiliano ya setilaiti huko Longonot, Kenya, mwaka 1970, kikiwa na antena yenye kipenyo cha mita zipatazo 30. Antena kama hizo zilijengwa kwa mawimbi ya sentimita 5 hadi 7.5, na kwa miongo kadhaa simu za kwenda ng'ambo zilipita humo. Nyaya za chini ya bahari zilipofika, SEACOM ikianza kazi mwaka 2009, antena nyingi za namna hiyo barani Afrika zilibaki zikitazama mbingu bila kazi.

Ghana waliichukua yao ya Kuntunse, yenye mita 32, wakaigeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa mwaka 2017. Ilifaulu, na sababu mojawapo ni kwamba kazi mpya ilitumia mawimbi yaliyo karibu na yale ya zamani: gesi ya methanoli angani hung'aa kwenye gigahezi 6.7, wimbi la sentimita 4.5. Kwa Hartebeesthoek, Afrika Kusini, hali ilikuwa tofauti. Antena yao ya mita 26 ilijengwa na NASA mwaka 1961 kwa kuwasiliana na vyombo vya angani, nayo ilikuwa na mabati yenye matundu. Walipotaka kushuka hadi wimbi la sentimita 1.3, hapakuwa na njia ya mkato: mabati yale yalitolewa, yakawekwa mazima na kupangwa upya. Kwa lugha ya kigango chetu, walibadilisha uso wa dishi wakabakiza mifupa.

Kwa mawimbi ya milimita adui hawezi kuwa fahali tena. Ni vitu ambavyo sisi hatuvioni. Uzito wenyewe ni mmoja wao. Dishi kubwa likiinama huning'inia na kubadilika umbo, hata liwe la chuma kinene. Sebastian von Hoerner alipendekeza miaka ya 1960 kwamba badala ya kupigana na uzito, mifupa ipangwe ili dishi likilegea ligeuke kuwa parabola nyingine, na kazi ibaki ya kusogeza kichwa cha kupokelea kwenye fokasi mpya. Antena ya mita 100 ya Effelsberg, Ujerumani, iliyoanza kazi mwaka 1972, inafanya hivyo. Jua nalo ni adui. Boriti ya chuma ya mita 10 ikipata joto la nyuzi moja tu ya Selsiasi hurefuka kwa milimita 0.12. Kwa televisheni huo ni mchezo. Kwa wimbi la milimita 1.3 ni karibu sehemu moja ya kumi ya wimbi, na upande mmoja wa dishi ukiwa juani na mwingine kivulini, hesabu zote zimevurugika.

Mfano mzuri uko jirani na nyumba yetu wenyewe, tukisema nyumba kwa maana ya Kanisa. Kwenye Mlima Graham, Arizona, karibu mita 3,200 juu ya bahari, Kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota, kinachoongozwa na Wajesuiti, kina darubini ya mwanga iliyozinduliwa mwaka 1993. Kioo chake kina kipenyo cha mita 1.8: futi sita, sawasawa na dishi lililogongwa na fahali. Hatua chache kutoka hapo imesimama antena ya mita 10 iliyopewa jina la Heinrich Hertz. Uso wake umetengenezwa kwa paneli za nyuzi za kaboni, ambazo joto haliziyumbishi kama chuma, na kosa lake la wastani ni karibu milimita 0.015, dogo kuliko unene wa unywele. Wekeni namba hizo kwenye kanuni ya Ruze kwa wimbi la milimita 1.3: hubaki asilimia 98. Antena hiyo ni mojawapo ya zile zilizoshirikiana mwezi Aprili 2017 kutazama shimo jeusi la galaksi M87, picha ambayo dunia nzima iliiona tarehe 10 Aprili 2019.

Kwa nini mlimani? Kwa sababu mvuke wa maji hunyonya mawimbi ya milimita kabla hayajafika ardhini, na mlima mrefu mkavu huliacha sehemu kubwa ya mvuke chini. Sisi wa Mara, tunaoishi kati ya Ziwa Viktoria na radi zake za mchana, tunajua upande wa pili wa habari hiyo. Tone la mvua la milimita mbili tatu ni dogo mno kulisumbua wimbi la FM. Kwa wimbi la sentimita 7.5 linagusa kidogo, kwa 2.5 linaonekana, na kadiri wimbi linavyofupika mvua inageuka ukuta. Mvua kubwa ikikata picha kwa dakika kumi, msimwite fundi. Ikikatika kwa wingu tu, mwiteni, na aje na uzi.

Kuelekeza

Faida ya wimbi fupi ni kwamba dishi hukaza macho yake. Upana wa jicho la dishi kwa nyuzi ni karibu 70 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa kipenyo. Dishi la mita 1.8 kwa bendi ya C huona upana wa karibu nyuzi 3. Kwa Ku ni nyuzi 1. Kidishi cha sentimita 90 kwa Ku huona nyuzi 2, kwa hiyo humsamehe fundi zaidi. Kwa dishi kubwa, bolti iliyolegea na upepo wa jioni vinatosha kuipoteza setilaiti, na ile nguzo iliyosukumwa na fahali ilikuwa ikitikisika kwa kidole.

Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, nasi tuko karibu nayo sana. Kutoka Tarime, ile iliyo nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, nyuzi 87 hivi kutoka upeo wa macho. Ile ya nyuzi 7 mashariki iko magharibi, kwenye mwinuko wa nyuzi 58 hivi. Msishangae basi mkiona madishi ya majirani wawili yanatazama pande tofauti, wala msimwambie fundi arekebishe la mmoja lifanane na la mwenzake. Tumeona hilo likitokea.

Mbele ya halmashauri

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alituomba tueleze matokeo baada ya ibada. Tulichora parabola kwa chaki kwenye mlango wa sakristia, tukasoma vipimo kimoja kimoja, tukaeleza kwamba elenbi ni nzima na stakabadhi ya duka inalingana na fedha zilizotolewa. Kuhusu Amri ya Nane hatukuhubiri. Mwenyekiti mwenyewe alifungua Katekisimu namba 2477, panapozungumzia hukumu ya haraka na masingizio, akasoma polepole, akaketi. Watu walikaa kimya kwa muda. Kisha mzee wa chini ya mwembe akasimama akasema na yeye ni mmoja wa waliosema, na anaomba msamaha. Wengine wawili wakafuata. Wapo ambao hawakusimama, na tuliwaona.

Iliamuliwa kwamba dishi la sentimita 90 linunuliwe baada ya mavuno. La zamani akina mama wameomba walilaze juu ya mawe walianikie mihogo, kwa kuwa hewa hupita vizuri chini ya wavu.

Siku ya kuondoka katekista alitusindikiza hadi barabarani. Tulimwuliza kama atachukua tena funguo za kanisa. Alisema atalifikiria, kwanza azungumze na mkewe, maana aliumia kuliko yeye. Kisha akauliza kama angeweza kubaki na ule uzi wa nailoni. Kigango jirani nao wana dishi la futi nane, na wameshaanza kuchanga.